MALI BILA DAFTARI: ANWANI ZA KUDUMU NA ZA KUGAWIWA KATIKA RUTA YA NYUMBANI

Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya wenzake, walimu na wanafunzi, katika mkutano wetu uliofanyika hapa Bomani, Tarime.



Mwenyekiti aliponiomba niseme machache, alinitaka nichague jambo litakalowafaa wazee na vijana kwa pamoja. Nilifikiri sana. Wenzangu wengi hapa ni waganga, mahakimu, wakulima na walimu, nao wana mambo makubwa ya kusema. Mimi maisha yangu nimeyatumia kwenye nyaya na mashine, na sasa nimestaafu. Nakaa hapa hapa mjini na mama watoto, tukiendesha steshenari ndogo iliyoungana na nyumba yetu. Basi nimeona niseme habari za jambo dogo lililomo ndani ya nyumba nyingi siku hizi, ambalo mtu halioni mpaka siku linapomwumbua. Jambo lenyewe ni zile namba ambazo ruta ya nyumbani huzitoa kwa simu, kompyuta, printa na kamera zetu: zipi ziwe za kudumu, zipi ziwe za kugawiwa tu, na namna ya kuziweka zote mbili katika nyumba moja bila ugomvi.

Najua wapo wanaonong'ona, "Huyu naye! Tumekuja kuonana na kula nyama, yeye anatuletea ruta." Nawaombeni mnivumilie. Nyama ipo, nami sitawachelewesha.

SANDUKU LA POSTA NA VITANDA VYA BWENI

Wenzangu wa umri wangu mnakumbuka jinsi barua zilivyotufikia tulipokuwa hapa. Shule nzima ilikuwa na Sanduku la Posta moja. Mzazi awe Sirari, Mugumu, Musoma au Dar es Salaam, aliandika jina la mtoto, akaandika S.L.P. ya shule, akaandika Tarime, basi. Posta haikujua habari za mabweni yetu wala vitanda vyetu. Kazi yake iliishia barua ilipoingia sandukuni. Kutoka hapo ilikuwa ni kazi ya shule kujua kwamba fulani yuko bweni gani na kumfikishia barua yake.

Ruta ya nyumbani hufanya kazi hiyo hiyo. Kampuni inayokuuzia intaneti huipa ruta yako anwani moja ya nje, na hiyo ndiyo S.L.P. ya nyumba. Ndani ya nyumba ruta hutumia namba nyingine ambazo dunia ya nje haizioni. Habari inapoingia kutoka nje, ruta hutazama ilikuwa imeombwa na kifaa gani, ikakipelekea.

Kwa nini mambo yakawa hivyo? Kwa sababu namba za nje ni chache. Mfumo wa anwani tunaoutumia zaidi hata leo uliandikwa mwaka 1981, nao una namba 4,294,967,296 tu, yaani hazitoshi hata moja kwa kila mtu duniani. Tarehe 3 Februari, 2011, mafungu ya mwisho ya akiba kuu ya dunia yaligawiwa kwa mashirika ya kanda, likiwemo AFRINIC la kwetu Afrika, lenye makao yake Mauritius. Watu wa mitandao waliiona taabu hiyo mapema. Mwaka 1996 walitenga rasmi mafungu matatu ya namba yawe ya matumizi ya ndani tu: zinazoanza na 10, zile za 172.16 mpaka 172.31, na zinazoanza na 192.168. Hilo la tatu ndilo aghalabu mnaloliona kwenye ruta za nyumbani.

Kwa kuwa ni namba za ndani, nyumba yangu ya hapa Bomani inaweza kuwa na 192.168.1.5, na nyumba ya mwenzangu aliyeko Mwanza ikawa na 192.168.1.5, wala zisigombane. Kila bweni lilikuwa na kitanda namba 5, na hatukuchanganyikiwa. Lakini ndani ya bweni moja kitanda namba 5 kilikuwa kimoja. Wanafunzi walipozidi vitanda, wenzangu mnakumbuka, tulilala mzungu wa nne, huyu kichwa huku na yule kichwa kule, na kukakucha salama. Mashine hazijui kulala mzungu wa nne. Mbili zikipewa namba moja, hakuna itakayopata usingizi.

NAMNA MBILI ZA KUPATA NAMBA

Kifaa kinaweza kupata namba yake kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya kugawiwa. Utaratibu wake uliandikwa mwaka 1993, nao kwenye kurasa za ruta huandikwa kwa herufi nne, DHCP. Simu ikiingia nyumbani kwako hupiga kelele kwa waliomo wote: "Hodi! Kuna mgawaji hapa?" Ruta hujibu, "Nipo, nina namba 23, waitaka?" Simu husema, "Naitaka." Ruta humaliza, "Basi ni yako kwa muda wa saa 24." Yote hayo huisha kufumba na kufumbua. Muda huo hutofautiana kwa ruta na ruta, na kwa kawaida ukifika nusu, simu huomba uongezwe. Simu ikiondoka na isirudi, muda ukiisha, namba hurudi ghalani na kupewa mwingine. Huyu ni kiranja wa bweni anayewapangia wageni vitanda, akiwa na orodha mkononi.

Njia ya pili ni ya kujiandikia. Mwenye kifaa anaingia ndani ya kifaa chenyewe, anakikataza kuomba namba, anaiandika kwa mkono wake. Hapo hana budi kuandika mambo manne: namba ya kifaa, kipimo cha mtandao, ambacho nyumbani aghalabu ni 255.255.255.0, namba ya ruta, ili kifaa kijue mlango wa kutokea nje, na namba ya yule anayetafsiri majina ya mtandao kuwa namba, ambaye nyumbani mara nyingi ni ruta yenyewe. Ukiisahau namba ya ruta, utastaajabu: kifaa kitaongea na wenzake wa ndani vizuri kabisa, lakini hakitaonana na dunia ya nje.

Sasa ziko wapi shida? Shida ni kwamba kifaa kilichojiandikia namba hakimpigii hodi kiranja. Kimeingia bwenini usiku, kikajilaza kitanda namba 5, na kiranja hana habari. Katika orodha yake kitanda hicho ni kitupu.

SIKU NILIPOUMBUKA

Nitawaeleza nilivyojifunza haya, maana hata fundi wa miaka mingi huumbuka.

Tulipofungua steshenari, mimi mwenyewe niliweka ruta na printa. Nilijua kwamba printa inapaswa kuwa na namba isiyobadilika, maana kompyuta huambiwa mara moja tu, "Printa iko namba 5," nayo hupeleka kazi huko siku zote. Kwa hiyo niliingia katika printa nikaiandikia 192.168.1.5 kwa mkono. Ikachapa. Nikafurahi. Ruta sikuigusa. Nayo ilikuwa imeachwa kama ilivyotoka dukani, imeruhusiwa kugawa namba zote kuanzia 2 mpaka 254, ikianzia chini kwenda juu. Wala sikuandika popote nilichokifanya.

Ilikwenda hivyo kwa miezi mingi, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa na vifaa vitatu tu vya kugawiwa: kompyuta ya dukani, simu yangu na simu ya mama. Vikachukua 2, 3 na 4. Jioni moja mjukuu wetu akafika kutoka Mwanza kwa likizo, akiwa na simu yake. Printa ilikuwa imezimwa kwa usiku ule. Ruta ikatazama orodha yake, ikaona namba 5 haina mtu, ikampa mjukuu. Kosa la ruta liko wapi hapo? Haliko.

Kesho yake, majira ya saa tano asubuhi, akaja kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita, kwa bodaboda kutoka kijijini. Ilikuwa imebaki siku moja maombi ya mkopo wa elimu ya juu yafungwe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Naomba unichapie fomu yangu. Nataka niiwahishe ikagongwe mhuri kabla ofisi hazijafungwa, niirudishe kwa mtandao."

Nikamwambia akae, ni kazi ya dakika mbili. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Ukatoka ukurasa mmoja, kisha kimya. Nikafungua printa, nikatazama karatasi, nikatazama wino. Nikazima kompyuta nikaiwasha. Nikafuta programu ya printa nikaiweka upya. Jirani yangu wa duka la pili akaja akachungulia, akasema, "Mura, hiyo mashine imekufa. Tafuta nyingine." Mara inachapa ukurasa, mara inagoma. Niliilaumu printa, nikaulaumu umeme, nikamlaumu hata aliyeniuzia. Kijana yule amekaa kimya kwenye benchi, ameshika simu yake, anatazama saa. Kila nikisema "sasa hivi," anaitikia, "Haya, mzee."

Ilipofika saa nane nilimwambia aende kwingine. Huko alikuta foleni. Alipofika ofisini, palikuwa pamefungwa.

Ndugu zangu, kijana yule alifanikiwa. Kesho yake asubuhi alipata mtu mwenye huruma aliyemgongea mhuri mapema, na fomu ikaingia kabla ya muda kwisha. Lakini hakufanikiwa kwa sababu yangu. Usiku ule mimi sikulala vizuri. Nilikuwa nakumbuka ile "Haya, mzee."

Usiku huo huo nilirudi dukani. Nikafanya jambo ambalo ningelifanya mchana kama nisingekuwa na haraka ya kulaumu. Niliizima printa, nikachomoa waya wake ukutani kabisa. Kisha nikaiagiza kompyuta kwa ile amri inayoitwa ping: ita namba 192.168.1.5, tuone kama yupo wa kuitika. Printa imezimwa, haina umeme. Nayo kompyuta ikaniambia: ameitika.

Hapo nikajua. Nikafungua ukurasa wa ruta, nikatazama orodha ya waliogawiwa. Namba 5: simu ya mjukuu. Zilikuwa mashine mbili kwenye kitanda kimoja. Kazi za kuchapa mara zilikwenda kwa printa, mara zilikwenda kwa simu, ambayo haikujua la kufanya nazo. Hakuna kilichokuwa kimeharibika katika nyumba nzima. Kilichokosekana ni mimi kumwambia kiranja kwamba kitanda kile kina mwenyewe.

KANUNI YENYEWE

Kutokana na mkasa ule najipa kanuni mbili, nami nawapeni.

Kanuni ya kwanza: kitu kinachotafutwa na wenzake kiwe na anwani ya kudumu, kitu kinachotafuta wenzake kinaweza kupewa anwani yoyote. Printa hutafutwa. Kisanduku kinachorekodi picha za kamera hutafutwa. Kompyuta inayohifadhi mafaili ya ofisi hutafutwa. Vitu hivi vipewe namba za kudumu. Simu hutafuta, haitafutwi. Televisheni kadhalika. Vishikwambi, kama vile walivyopewa walimu wetu baada ya kutumika katika sensa ya mwaka 2022, navyo hutafuta. Hivi viache vigawiwe. Mtu anayeipa kila simu namba ya kudumu anajitafutia kazi isiyo na mshahara.

Mwaka ule ule wa 2022, kabla ya sensa, mliona vibao vya anwani za makazi vikiwekwa mitaani na namba zikiandikwa milangoni. Nyumba ndiyo iliyopewa namba ya kudumu, kwa sababu nyumba hutafutwa. Mgeni anayepita na kulala siku mbili hapewi kibao.

Kanuni ya pili: mgawaji awe mmoja, na namba zote ziwe katika daftari lake, hata zile za kudumu. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hili sisi wa nchi ya ng'ombe hatuhitaji kufundishwa.

RAMANI YA NYUMBA YANGU

Nilivyopanga baada ya hapo ni hivi. Katika mtandao wa 192.168.1 wenye kipimo nilichokitaja, kuna namba 254 za kutumika. Ruta ina namba 1. Kuanzia 2 mpaka 49 nimezitenga kwa vitu vya kudumu. Kuanzia 100 mpaka 199 ndizo ruta inazoruhusiwa kugawa, na kwa nyumba na duka langu mia moja zinatosha na kubaki. Zilizosalia zimekaa akiba kwa siku za mbele. Kwa hiyo hata nikiandika namba kwa mkono ndani ya kifaa, naiandika chini ya 50, mahali ambapo mgawaji hafiki.

Lakini iko njia iliyo bora zaidi ya kuandika kwa mkono, nayo ni kuweka akiba ndani ya ruta. Kila kifaa kimetoka kiwandani na namba yake ya kuzaliwa, yenye tarakimu na herufi 12 zilizoandikwa mbilimbili. Mara nyingi mtaiona kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni au tumboni mwa kifaa. Katika ukurasa wa ruta, sehemu ile ya DHCP, ruta nyingi zina mahali pa kuandika: "Mwenye namba hii ya kuzaliwa akibisha hodi, siku zote mpe 192.168.1.5." Printa yenyewe unaiacha iombe namba kama wengine. Inaomba, inapewa ile ile kila siku. Ina namba ya kudumu, na bado iko katika orodha ya kiranja. Ruta nyingine hutaka namba ya akiba iwe ndani ya fungu la kugawa, nyingine huikubali hata nje ya fungu. Jaribu, ruta ikiikataa, itakuambia.

Njia hii ina faida tatu. Mosi, mambo yote unayaona mahali pamoja, huna haja ya kuzunguka kwenye kila mashine. Pili, kifaa ukikipeleka nyumba nyingine kitaomba namba ya huko na kufanya kazi, hakitang'ang'ania namba ya kwenu. Tatu, huwezi kukosea yale mambo manne, kwa sababu ruta ndiyo inayoyatoa.

Je, kuandika kwa mkono kumepitwa na wakati? La hasha. Ruta yenyewe lazima iwe na namba ya kuandikwa, maana nani atamgawia mgawaji? Vipo pia vifaa vya zamani visivyojua kuomba vizuri. Hivyo viandikie, lakini nje ya fungu la kugawa.

MITEGO

Nitaje mitego michache ambayo nimeiona kwa macho yangu, ili vijana msinaswe.

Mtego wa kwanza ni umeme. Umeme ukikatika, ruta nyingi za bei nafuu husahau orodha yao. Ukirudi, zinagawa upya, na kile kilichojiandikia namba ndani ya fungu ndipo kinapopokonywa. Ndiyo sababu ugomvi mwingi wa namba huzuka asubuhi baada ya usiku wa giza. Akiba uliyoiandika kwenye ruta haisahauliki kwa kukatika umeme.

Mtego wa pili ni ruta mbili. Mtu akiona waifai haifiki chumba cha nyuma, ananunua ruta ya pili, anaiunga kwa waya, naye anasahau kuizuia isigawe namba. Sasa bweni lina viranja wawili, kila mmoja na orodha yake. Nusu ya nyumba inapata intaneti, nusu haipati, na kesho yake nusu hizo zinabadilishana. Dawa yake ni kuzima ugawaji katika ile ya pili, na kuipa namba ya kudumu iliyo tofauti na ya kwanza.

Mtego wa tatu ni wageni wengi. Ukiwapa wateja waifai, na kila simu ikapewa namba kwa saa 24, fungu linaweza kujaa kwa majina ya watu waliokwisha kwenda zao. Anayekuja wa mwisho hapati, na kifaa chake huweza kujipa namba inayoanza na 169.254. Mkiiona namba hiyo, jueni kifaa kilipiga hodi na hakikujibiwa. Mahali pa namna hiyo punguzeni muda uwe saa moja au mbili.

Mtego wa nne uko kwenye simu zenyewe. Simu nyingi, tangu toleo la Android 10 la mwaka 2019 na iOS 14 la mwaka 2020, hazitoi tena namba yao ya kuzaliwa kwa kila mtandao. Hutumia ya bandia kwa ajili ya usiri wa mwenye simu. Ukiiwekea simu akiba, siku moja yaweza kuja na jina jingine, na ruta isiijue. Ni sababu nyingine ya kuziacha simu zigawiwe.

Mtego wa tano ni kubadilisha ruta. Wengi wetu tunatumia vile visanduku vya laini ya simu. Baadhi ya ruta huanza na 192.168.1, nyingine 192.168.0, nyingine 192.168.8. Ukibadilisha kampuni, ruta mpya haijui lolote kuhusu akiba ulizoandika kwenye ile ya zamani, na kifaa ulichokiandikia kwa mkono kitabaki kikilitafuta bweni lililokwisha kuvunjwa. Hapo mtu asiye na daftari huanza kazi upya gizani.

La mwisho ni kwa nyinyi mnaokaa Dar es Salaam na Mwanza, mnaoweka kamera kwenye nyumba za wazee huku nyumbani. Namba ya kudumu ya ndani haiifanyi kamera ionekane kutoka mbali. Kitanda namba 5 hakijulikani posta. Tena kampuni nyingi za laini za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya S.L.P. moja, sanduku ndani ya sanduku; lipo hata fungu maalumu la namba kwa kazi hiyo, linaloanzia 100.64, lililotengwa mwaka 2012. Kuiona kamera kutoka mbali ni shughuli nyingine, hutegemea huduma ya mwenye kamera au makubaliano na kampuni. Msimlaumu fundi wa Tarime kwa jambo lisilo mikononi mwake.

KWENU VIJANA

Sasa naelekea mwisho, Ndugu Mwenyekiti. Nataka kusema na hawa vijana.

Tulipokuwa hapa tulifundishwa Elimu ya Kujitegemea, ile iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Tulilima, tulifyeka, tulifagia. Siwaambii muache jembe. Nawaambia kwamba kujitegemea siku hizi ni pamoja na kujua nani amelala kitanda gani ndani ya ruta yenu. Popote penye printa moja na kompyuta kumi, iwe shuleni, zahanati au ofisi ya kata, siku moja atakuja mtu mwenye fomu na muda mchache. Hatajua habari za DHCP wala hapaswi kuzijua. Atakaa kwenye benchi, atangoje.

Kazi ninayowapa si ya fedha nyingi. Tafuteni daftari la kawaida, la mistari. Ukurasa wa kwanza andikeni namba ya ruta, na fungu inaloruhusiwa kugawa, kutoka ngapi mpaka ngapi. Ukurasa wa pili pigeni mistari minne: jina la kifaa, namba yake ya kuzaliwa, anwani yake ya kudumu, tarehe mliyoiandika. Neno la siri msiliandike humo. Hilo litunzwe na mwalimu mhusika. Kila mnapoongeza kifaa kinachotafutwa, kiandikeni kwanza daftarini, ndipo mwende kwenye ruta. Mkihitimu, mkabidhini wa kidato kinachofuata, mkono kwa mkono, kama tulivyokabidhiana funguo za bweni.

Na siku mashine itakapogoma, kabla hamjamlaumu mtu, zimeni printa, chomoeni waya, kisha iteni namba yake. Kama ataitika mtu, mmemkamata.

Lile daftari la dukani kwangu liko kwenye kamba, limening'inia kando ya ruta. Mwaka uliofuata kijana yule alirudi kututembelea, akiwa mwanafunzi wa chuo. Akaliona, akauliza ni la nini. Nikamweleza yote, na jinsi mimi mwenyewe nilivyokuwa nimemkwamisha siku ile. Akacheka, akasema, "Mzee, mimi nilidhani ni printa." Nikamwambia, "Hata mimi, mwanangu."

Wenye maduka wana msemo wao wa siku nyingi: mali bila daftari hupotea bila habari. Namba nazo ni mali. Ziandikeni.

Nimekwisha, Ndugu Mwenyekiti. Nyama sasa iletwe.